Mama Upendo, nisaidie kuhesabu

Tukuyu,
13 Julai 2025

Mpendwa Mama Upendo,

Kamwene! Natumaini hamjambo huko Mafinga na baridi ya mwezi huu haijawamaliza. Sisi hatujambo. Baba Ambokile goti linamsumbua ila mdomo ni mzima. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na wewe vilevile, kwa hiyo hatudaiani.

Mwenzangu, nina jambo. Januari natimiza miaka 60. Barua ya kustaafu imeshafika, mwalimu mkuu kanikabidhi mbele ya watu, na tangu siku hiyo ndugu wameongezeka. Ambokile kaniletea picha za Noah kwenye simu, nyeupe na ya fedha, anataka nichague rangi. Rangi! Kama nataka gari lenyewe hajaniuliza. Shemeji yangu ana dalali wa shamba la parachichi upande wa Kiwira, eka tatu, anasema mwaka wa pili tu tunavuna, wakati hata miche ya Hass ya kubebeshwa inataka miaka mitatu minne ndipo ianze kuzaa vizuri. Na Baba Ambokile kachora nyumba ya wapangaji ya Uyole nyuma ya karatasi yangu ya semina, vyumba vinane, choo kimoja. Nikamuuliza hao wapangaji watapanga foleni? Akajibu choo kingine kitajengwa kwa pensheni.

Hela yenyewe sijaiona.

Hiyo semina ilikuwa Mbeya mjini, ya wastaafu watarajiwa. Mtu wa PSSSF, mfuko wetu wa pensheni wa watumishi wa umma, alieleza vizuri, sikusinzia. Alipiga mfano ubaoni: mtumishi mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 1,200,000, aliyefanya kazi miezi 432. Unachukua mshahara wa mwaka, unazidisha kwa miezi, unagawa kwa 580, inakuja kama milioni 10.7. Hiyo ndiyo pensheni ya mwaka mzima kabla haijakatwa. Asilimia 40 yake ukizidisha kwa 12.5 ndiyo mkupuo, ile hela unayopewa mara moja, karibu milioni 53.6. Asilimia 60 inayobaki ukigawa kwa 12 ndiyo ya kila mwezi, kama shilingi 536,000.

Wewe unanijua, mwalimu wa hesabu hawezi kuacha ubao hivihivi. Mwaka 2024 serikali ilipotupandisha sisi tuliotoka mfuko wa zamani wa PSPF na wale wa LAPF mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40, ofisi nzima ya walimu tulipiga makofi. Nani aliuliza zile asilimia saba zinatoka wapi? Zinatoka kwenye pensheni ya mwezi. Mtumishi huyohuyo kwa asilimia 33 angepata mkupuo wa milioni 44.2, lakini kila mwezi angechukua karibu 599,000. Yaani anaongezewa milioni tisa na kitu mkononi, anaachia kama elfu sitini na mbili kila mwezi mpaka siku ya mwisho. Ukigawa, ni miaka 12 na nusu. Akiishi zaidi ya hapo ameliwa, akifa mapema amekula. Sisemi ni vibaya, mama yangu amefika 91 ndiyo maana nahesabu.

Baada ya PSSSF wakaingia wengine na mabango yao. Wa benki aligawa kofia na kalamu. Wa hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba, alinivutia, maana unaanzia milioni moja, riba inaingia kila miezi sita, na zipo za miaka 2 mpaka za 25. Ya miaka 25 itaiva nikiwa na 85. Baba Ambokile akasema nitazikwa nayo. Nikamwambia haizikwi, inarithiwa, akanyamaza ghafla. UTT, wale wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, nao wana vipande, na ule mfuko wao wa Ukwasi nimeelewa kwamba ukitaka hela yako unaipata ndani ya siku chache za kazi, hukai unangoja mnunuzi kama mwenye shamba. Vyote vilinikaa vizuri kichwani.

Lakini Mama Upendo, kila aliyesimama pale mbele alikuwa na fomu ya kujazwa. Hakuna hata mmoja aliyesema, mama, kwa hali yako wewe, changu hakikufai. Nyumbani ni hivyohivyo, kila mshauri ana fungu lake humohumo anamonishauri. Wa benki ndiyo kaniacha hoi. Mkopo wangu ule wa kuezeka umebaki kidogo, nilimuuliza nikiumaliza kabla ya Januari nitaokoa kiasi gani cha riba. Akaniambia nisiumalize, nichukue mkubwa zaidi utakaokatwa kwenye pensheni. Pensheni ambayo haijaanza! Nikamrudishia kofia. Kalamu nilibaki nayo.

Na usiseme misonobari. Najua huko Mufindi mtu akikosa la kufanya anapanda miti, na wewe unayo. Ila mti wa kungoja miaka 15 nitauvuna nikiwa na 75, tena kama moto haujapita. Wewe ulianza ukiwa na 40, ni habari nyingine kabisa. Na biashara ya magari sitaki kuisikia, ya Ticha Lugano na ile Coaster unayajua, na watoto wake sasa hivi... basi, tutaongea.

Halafu juzi kanipigia mtu, ananijua jina mpaka la ukoo, anaijua shule na cheo. Faili langu limekwama Dodoma, nitume laki mbili ya kulisukuma. Nikamwambia nakuja kulisukuma mwenyewe, akakata simu. Mwenyekiti wetu wa kikoba yeye alituma.

Basi ombi langu ni hili. Nataka mtu asiye na hisa kwenye hela yangu akae na mimi mezani tuhesabu. Nikawaza walimu wote, nikawaza hata mchungaji (ana paa la kanisa), nikabaki na wewe. Ulitunza hela ya bweni pale Mpuguso senti haikupotea, tena umeshastaafu, umeshapita njia hii. Likizo fupi ya Septemba nije siku mbili? Nitabeba slipu za mshahara, barua zote na mchele wa Kyela. Nyumbani nitasema nakuja kukusalimia, ambayo si uongo.

Ninachowaza mimi ni kumaliza deni, kuweka kiasi cha kuishi mwaka mzima mahali pa kuchukulika haraka, kingine kwenye hati fungani, na Uyole vyumba viwili tu na choo ndani. Ambokile nimpe kitu, ila si gari. Je, ni woga huu au ni akili? Wewe yako uliweka wapi? Ulikaa muda gani bila kuigusa? Baba Upendo ulimtajia kiasi kamili au ulimega? Mafao yalitoka kwa wakati, au ilibidi ufuatilie? Barua yangu ya ajira ya kwanza wino umefifia, na ya kuthibitishwa kazini siioni kabisa. Yako ulipata nakala wapi, halmashauri? Kadi za bima, yako na ya mzee, ziliendelea bila kukatika? Na hivi, ni kweli Tusajigwe amerudiana na yule bwana?

Nijibu kwa karatasi, umpe kijana wa basi kama huyu ninayempa mimi. Simu yangu humu ndani inashikwa na kila mtu. Ukilazimika kupiga, sema unaulizia mbegu za viazi, nitaelewa.

Msalimie Baba Upendo na wajukuu.

Ni mimi mwenzako,
Mama Ambokile