Mama anakusikia barazani, mbona sebuleni hakusikii?

Wengi wanaomleta mzazi kwetu kupimwa masikio huanza na lalamiko moja: "Mama anasikia anachotaka." Mkikaa wawili barazani mnaongea vizuri tu. Wakija wageni, televisheni inaunguruma, feni inazunguka na wajukuu wanakimbizana, anajibu kisichoulizwa au ananyamaza kabisa. Watoto wanasema ni ukaidi. Si ukaidi, na tunaomba hilo lieleweke kwanza, maana wazee wengi wameumizwa na maneno hayo.

Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo mno, na zikifa hazioti tena. Kwa kawaida zinazotangulia kuchoka ni zile za sauti nyembamba, zinazobeba s, f, t na k. Irabu hubaki. Ndiyo maana mzee hukwambia "nakusikia, ila sielewi unachosema": saa, taa na kaa zinamfikia karibu sawa.

Lakini wapo tunaowapima kwenye chumba tulivu, matokeo yakawa mazuri kwa umri wao, na bado harusini hawaambulii neno. Hapo tunautazama ubongo. Mwaka 1988 wanasaikolojia Lynn Hasher na Rose Zacks walitoa hoja kwamba umri ukisonga hupungua ule uwezo wa kuyazuia yasiyohusika. Ubongo wa kijana huzififisha sauti asizozihitaji, hata hajui kama zipo. Wa mzee huziacha ziingie zote: taarifa ya habari, honi ya bodaboda, maongezi ya meza ya pili, kila moja inagombea nafasi na sauti yako. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosimamia uchaguzi huo, ni miongoni mwa zinazoguswa mapema na uzee.

Na anayetumia nguvu nyingi kuyapambanua maneno habakiwi na nguvu ya kuyahifadhi. Mama anaweza kuwa alikusikia kabisa ulipomweleza dawa za jioni, asubuhi akawa hana kumbukumbu nayo. Huchoka pia. Kuna wazee wameacha kwenda vikao vya ukoo kwa sababu ya uchovu huu, na kwa kweli hilo linatuuma kuliko kipimo chochote tunachokiona hapa.

Kwa hiyo ukweli tunausema kabla hujatoa hela yako: kifaa cha kusikia hakirudishi ubongo wa ujanani. Kizuri, chenye maikrofoni zinazoipa kipaumbele sauti ya aliye mbele, hupunguza mzigo, na mtumiaji huhitaji wiki kadhaa kukizoea. Vile vya bei rahisi vinavyokuza kila kitu kwa pamoja hukuza na feni pia. Vingi huishia kabatini. Tunaulizwa kama kifaa huzuia kusahau. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2023, wa wazee karibu 1,000 waliofuatiliwa miaka 3, haukuona tofauti kwa kundi zima, ila kwa waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi kasi ya akili kudhoofika ilipungua karibu nusu. Hatuahidi zaidi ya hapo.

Nyumbani kuna mengi yasiyo na gharama. Zima televisheni, usiipunguze tu. Muite, subiri akuangalie, ndipo uanze. Uso wako uwe kwenye mwanga. Usipige kelele, kwani kupaza sauti huyavuruga maneno yenyewe; sema taratibu, na asipoelewa badilisha maneno badala ya kurudia yaleyale. Kwenye shughuli, mpe kiti mbali na spika, mgongo ukiwa ukutani.

Akija kwetu tunaanza kwa kuangalia nta, ambayo wakati mwingine ndiyo tatizo lote. Kisha tunampima kwenye ukimya, halafu tunampa maneno ayatambue katikati ya kelele. Kipimo hiki cha mwisho kiulizie popote utakapompeleka, hata kama si kwetu. Aje na mtu anayeishi naye, na dawa zote anazotumia, kwa kuwa baadhi, kama kwinini na sindano fulani za kifua kikuu, hugusa usikivu.

Sikio likizima ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, usisubiri miadi yetu. Mpeleke hospitali kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo. Tiba yake hufaa zaidi ikianza mapema.