Basi lifike hadi jukwaani

Mpendwa Neema,

Habari za siku nyingi? Umeniuliza kama magari yanayojiendesha yatatuondolea foleni Dar es Salaam. Teksi zisizo na dereva haziwezi. Ikishamshusha abiria, teksi hurudi tupu kumfuata mwingine, na ikiwa tupu inakula nafasi ileile ya barabara.

Pa kuanzia na teknolojia hiyo ni mwendokasi, yale mabasi yenye njia zao wenyewe. Tangu 2016 vituo vyake vina jukwaa lililo usawa na sakafu ya basi, ili mtu wa kitimwendo aingie bila kubebwa. Tatizo ni pengo kati ya basi na jukwaa. Dereva akihofia kukwaruza ubavu wa basi, anasimama mbali, na yale magurudumu madogo ya mbele ya kitimwendo yanadumbukia na kunasa. Huyo abiria kalipa nauli sawa na wenzake!

Rouen, Ufaransa, wameshughulikia jambo hili tangu 2001. Kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele inasoma mistari ya vipande iliyochorwa katikati ya njia, kompyuta inakokotoa basi limepotoka kiasi gani, mota inazungusha usukani. Mwendo na breki ni vya dereva. Pengo linabaki sentimita 5 hivi.

Kinachosumbua ni rangi. Tairi, oili na tope vikiifuta, kamera inapoteza mstari, na hapo dereva lazima aukamate usukani mara moja. Kwa vumbi na mvua zetu, mistari ya kuingilia kituoni ioshwe na kupakwa upya kwa ratiba, isingoje ifutike. Halafu basi la namna hii hukanyaga palepale kila safari. Lami hubonyea ikawa mifereji, sakafu ya basi ikashuka chini ya usawa wa jukwaa. Zege huvumilia zaidi.

Kabla ya kununua chochote, watu wako wapime pengo kwa futikamba, kila mlango, saa za msongamano na saa za utulivu. Basi refu la kuunga likiingia kwa pembe, kichwa hugusa jukwaa na mkia hubaki nje. Mlango wa mbele ukiwa sawa na wa nyuma ukawa mbali, kamera pekee haitoshi: kituo kinahitaji njia iliyonyooka zaidi kabla ya jukwaa, na hiyo ni kazi ya mhandisi wa barabara. Mkipata vipimo vya kituo cha Kimara, nitumie tuvipitie pamoja.

Salamu kwa wote nyumbani.

Rafiki yako,
Juma