Chumba cha Mama kimekwama dirishani

Dada yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Uingereza wazima, ila baridi ndiyo inatutafuna. Wifi yako anakusalimu sana, na watoto wanauliza shangazi yao atatuma lini tena vile visheti.

Nimeisikiliza sauti uliyotuma Ijumaa, na kicheko cha Mama kwa nyuma nimekisikia vilevile: "Mtu kanunua nyumba kwa pesa zake, halafu anaomba ruhusa ya kubadilisha dirisha!" Kwenye simu siwezi kueleza, mara mtandao unakatika, mara watoto wananyang'anyana simu. Nimeona bora nikae niandike.

Nyumba umeiona kwenye picha. Ni moja katika mstari wa nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta mtaa mzima, na upana wake haufiki mita 4. Chini vyumba viwili, juu vyumba viwili, jiko limebandikwa nyuma kama mtu aliyechelewa shughulini. Zilijengwa miaka ya 1840 kwa ajili ya vibarua, kwa hiyo usidhani tumenunua kasri. Lakini mtaa wote uko ndani ya eneo la hifadhi, si ya wanyama, ya majengo ya zamani. Sheria ya mambo haya ilitungwa mwaka 1967, ikaanzia mji unaoitwa Stamford, na leo maeneo ya namna hiyo ni karibu 10,000 England peke yake. Nyumba yangu si mnara wala haina historia ya mtu mkubwa. Kinachohifadhiwa ni sura ya mstari mzima, ndiyo maana uso wa nyumba yangu ni kama mali ya mtaa. Na mtaa wetu umewekewa agizo la ziada, wenyewe wanaliita Kifungu cha 4: mambo ambayo mtu wa kwingine angeyafanya bila kumuuliza yeyote, kama kubadili dirisha au mlango wa mbele, sisi lazima tuyaombee kibali.

Mimi haya sikuyajua, na hapo ndipo nilipoliwa. Kizingiti cha dirisha la mbele kilikuwa kimeoza hata kidole kinazama. Akaja kijana mmoja wa kuuza madirisha ya plastiki, mdomo asali, akatoa futi, akapima, akaniambia hakuna ruhusa yoyote inayotakiwa. Nikampa arubuni pauni 300. Jirani yetu, bibi mmoja mzee anayemwagilia maua hata siku ya mvua, ndiye aliyenishika mkono akaniambia, kabla hujang'oa waulize halmashauri kwanza. Nikauliza. Plastiki haikubaliki. Arubuni hadi leo naidai, na simu yangu haipokelewi.

Utasema, mbona nyumba ya tatu kutoka kwetu ina plastiki? Nami nilisema hivyohivyo. Yale yaliwekwa kabla ya agizo, hayaguswi. Roho iliniuma, sikufichi.

Basi nikatafuta seremala. Dada, nataka ulione dirisha hili kwa macho yangu. Halifunguki kwa bawaba kama letu. Ni fremu mbili, moja mbele ya mwenzake, unasukuma ya chini juu, unashusha ya juu chini, na popote unapoiachia inakaa. Miaka miwili nilikuwa najiuliza inakaaje. Fundi akabandua ubao wa pembeni, na ndani ya ukuta mkawa na sanduku refu jembamba, na ndani ya sanduku limening'inia gogo la chuma mfano wa mwiko wa kusongea ugali, limefungwa kamba inayopita juu kwenye kapi. Kapi ileile, Dada, kama ya jahazi! Uzito wa chuma unalingana na uzito wa fremu, ndiyo maana hata mtoto anaiinua kwa mkono mmoja. Nikamwambia fundi sisi kwetu kamba inayopandisha tanga kwa kapi tunaiita henza. Akajaribu kulitamka siku nzima.

Nilidhani atasema mbao zote zitupwe. Akakata kilichooza tu, chini, kama shubiri moja na nusu, akaunga mbao mpya kwa mkato wa mshazari, akaziba kando ya kioo kwa puti kama anayetia kalafati. Kile alichokikata akanionyesha pete zake, zimebanana hata huwezi kuzihesabu. Msonobari wa kaskazini, uliokua polepole kwenye baridi, akasema mti wa namna hiyo hauuzwi tena dukani. Vioo viwili vya zamani akaviacha. Vina mawimbi, ukisogeza kichwa nyumba ya ng'ambo inachezacheza kana kwamba iko chini ya maji, na watoto wamegundua mchezo wao hapo.

Baridi je? Inaingia, nisikudanganye. Fundi ametia brashi nyembamba kwenye mianya, na kwa ndani tumeweka kioo cha pili kwenye fremu yake, maana kwa nyumba kama yetu mambo ya ndani hayahitaji kibali. Kelele za magari zimepungua kuliko nilivyotegemea.

Sasa chumba cha Mama. Magoti yake hayatapanda ngazi hizi, zimesimama kama za mnazi, kwa hiyo tunaongeza chumba cha chini, nyuma. Kwa nyumba za kuungana mtu anaruhusiwa kutoka mita 3 nyuma ya ukuta wa asili bila maombi makubwa, ghorofa moja tu. Kwingine wanaweza kufika hata mita 6 kwa kuwajulisha majirani, lakini ndani ya hifadhi hilo halipo. Mita 3 zinatosha kitanda, kabati na mswala. Kilichotuchelewesha ni ukuta wa kushirikiana: boriti ya chuma itaingia kwenye ukuta ambao nusu yake ni ya jirani, na sheria ya 1996 inataka apewe taarifa ya maandishi miezi miwili kabla. Nilimpelekea yule bibi barua pamoja na sahani ya mandazi. Alikuwa na siku 14 za kujibu. Alijibu siku ileile, lakini fundi wa ujenzi alikuwa ameshachukua kazi nyingine, basi tukaingia mwezi wa Ramadhani bado hatujachimba.

Jambo jengine, na hili linakuhusu. Mwashi alipogonga ukuta wa nyuma alikuta watu waliotangulia wameziba matofali kwa saruji, na unyevu umefungiwa ndani. Akaikwangua yote, akatia chokaa. Chokaa, Dada! Nilisimama nikimwangalia anavyokoroga, nikamkumbuka Babu na lile pipa la chokaa uani, hapo kwetu Malindi, Unguja. Kwa hiyo uliposema yule fundi wako anataka kung'oa madirisha ya juu aweke alumini, na kuzipiga nyufa saruji, moyo uliniruka. Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000, na Mamlaka yake pia inataka uende na maombi kabla ya kugusa kitu, kwa hiyo Mama asinicheke mimi peke yangu. Na Desemba 2020 tuliona wote sehemu ya lile jumba la Beit al-Ajaib ilivyoanguka. Nakuomba msigonge kitu mpaka nije mwezi wa nane. Mwite fundi anayejua chokaa aziangalie nyufa, gharama yake nitatuma mwisho wa mwezi. Na zile mbao mbili alizokwishabandua ziweke ndani, zisinyeshewe.

Muulize Mama jambo moja. Kibla huku ni kusini-mashariki, na dirisha la chumba chake litatazama huko huko, uani, kwenye mti wa tofaa wa jirani. Kitanda anakitaka chini ya dirisha, au dirishani tuache nafasi ya mswala? Fundi anataka jibu kabla ya Jumatatu.

Wasalaam,
Mdogo wako