Kessy, suala la Doto kabla ya Jumamosi

Ndugu yangu Kessy,

Salamu nyingi kutoka Mbagala. Sisi wazima, joto tu ndilo linatuchosha. Mama mfikishie shikamoo yangu.

Nimefurahi kusikia Jumamosi unaleta vijana wako wa kidato cha sita kwenye mdahalo hapa Dar. Ila kwenye lile fumbo la mapacha, Kulwa anabaki Dar na Doto anakwenda kwenye nyota kwa roketi, ile sentensi yako kwamba Doto anarudi akiwa kijana kuliko pacha wake "kwa sababu ya mchapuko pale anapogeuza roketi" imenikaa rohoni; mchapuko, yaani kule kubadilika kwa kasi au mwelekeo, siyo sababu. Tafadhali usiwaache wasimame na hoja hiyo. Neema yuko upande wa pili, na unamjua.

Namba zako ziko sawa. Nyota iko umbali wa miaka 8 ya nuru, yaani nuru yenyewe huchukua miaka 8 kufika huko, Doto anakwenda kwa asilimia 80 ya kasi ya nuru. Kwa saa ya Kulwa aliyebaki Dar, kwenda miaka 10 na kurudi 10. Kwa saa ya Doto, 6 na 6. Wakikutana, Kulwa ameongeza miaka 20, Doto 12.

Sasa Neema atamleta Shija, maana baada ya Kulwa na Doto lazima aje Shija. Huyu tangu mwanzo anakuja upande wa Dar kwa kasi ileile. Akipishana na Doto pale kwenye nyota, anaiseti saa yake isome kama ya Doto, miaka 6, halafu anaendelea na safari. Hakuna aliyefunga breki wala kugeuka. Akipita Dar saa yake inasoma 12, ya Kulwa 20. Mchapuko uko wapi hapo? Tena kule CERN, ile maabara ya fizikia ya Ulaya, kwenye matokeo ya 1977, muoni (chembe ndogo zinazooza haraka) zilizungushwa kwenye duara zikiwa na mchapuko wa takriban mara 10¹⁸ ya ule wa uvutano wa dunia. Uhai wao wa wastani ulitoka mikrosekunde 2.2 ukafika kama 64, kiasi kilekile kinachodaiwa na kasi peke yake. Mchapuko haukuongeza kitu.

Kinachotofautiana ni njia. Toka Ubungo mpaka Posta kwa kunyoosha Morogoro Road, au zungukia Tazara: mmeanzia pamoja, mmefika pamoja, kilomita kwenye dashibodi hazilingani, na hakuna anayeilaumu kona ya Tazara. Tahadhari moja tu: kwenye muda mambo yamegeuka, aliyenyoosha ndiye anayehesabu muda mrefu zaidi.

Upande wa pili wakishikilia kwamba kila pacha anamwona mwenzake ndiye anayekwenda, waambie vijana wako wahesabu salamu. Kila pacha anatuma salamu moja kwa redio kila mwaka wa saa yake. Wakiachana, salamu zinapokelewa moja kila miaka 3. Wakikaribiana, 3 kwa mwaka. Doto akienda anapokea 2, na akigeuka tu mambo yanabadilika palepale: miaka 6 ya kurudi inamletea 18. Jumla 20. Kulwa je? Doto amegeuka mwaka wa 10, lakini habari hiyo inasafiri miaka 8, kwa hiyo mpaka mwaka wa 18 bado anapokea zile za polepole, 6 tu. Miaka 2 iliyobaki inamletea 6 nyingine. Jumla 12. Kessy, hapa ndipo penye kiini: mmoja anaona badiliko katikati ya safari yake, mwenzake analiona mwishoni. Hapo wakibanwa hawatayumba.

Jaribio la Hafele na Keating, 1971, liguse kwa uangalifu. Saa za atomi zilizozunguka dunia kwa ndege kuelekea mashariki zilipoteza nanosekunde 59, za magharibi zikazidisha 273, ukilinganisha na zilizobaki Washington. Ndani yake mna kasi na pia kimo cha ndege, kwa sababu saa iliyo juu, uvutano ukiwa dhaifu zaidi, huenda haraka. Mwanafunzi akisema ni kasi tupu, Neema atamkamata.

Nani anafungua hoja, yule binti wa Kilosa? Mtaruhusiwa ubao au ni mdomo tu? Bila ubao, hesabu ya salamu ataisema nani bila kujichanganya? Mnafika Ijumaa jioni au alfajiri ya Jumamosi? Na Shabani amekubali kuwa mwamuzi? Nijibu leo kama unaweza, ili nikuandalie mchoro wa njia tatu uwafikie kabla hawajapanda basi.

Wako,
Masanja