Boti za Idjwi zijaribu injini mseto

Ndugu Mhariri,

Habari yenu juu ya nauli za boti kati ya Bukavu na kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, ililaumu bei ya mazutu peke yake. Naomba tutazame injini pia. Huachwa ikinguruma wakati mizigo inapakiwa, gunia baada ya gunia, moshi ukiwaingia abiria machoni, na chombo hakijasogea hata mita moja.

Huko Scotland, kivuko cha MV Hallaig, chenye nafasi ya abiria 150 na magari 23, kilianza kazi mwaka 2013 kwa injini mseto, yaani kikitumia jenereta za mazutu pamoja na bateri za lithiamu zinazochajiwa usiku kwa umeme wa nchi kavu. Norway ilikwenda mbali zaidi mwaka 2015: kivuko chake cha Ampere huendeshwa kwa bateri tupu. Sisi tusianzie hapo. Umeme wa mabwawa ya mto Ruzizi hukatika (nani asiyejua?), na safari ya Goma ni ndefu. Mseto huvumilia hayo, kwa kuwa jenereta ipo.

Napendekeza wakuu wa bandari na wenye boti waanze na chombo kimoja cha Idjwi, na gati lipewe laini yake ya umeme kabla bateri hazijanunuliwa.

Msomaji wenu,
Bukavu