Ini linapokwama, bakteria huendelea

Kwako Rehema,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, na nimefurahi sana kusikia kwamba pumu imeanza kutulia. Uliniuliza vidonge vya prednisoloni vikishafanya kazi yake mwilini huishia wapi. Niruhusu nikujibu kwa kirefu, maana katika kemia ya viumbe hakuna jambo ninalolipenda kama hili.

Steroidi zote, iwe kolesteroli, homoni kama kotisoli na testosteroni, au hicho kidonge chako, zina kiunzi kimoja: kaboni 17 zilizojipanga katika pete nne zilizoshikana. Mwili wa mnyama unajua kuzijenga pete hizo, ila kuzivunja haujui. Sukari tunaiunguza hadi ikabaki hewa ukaa na maji, mafuta vivyo hivyo. Kiunzi cha steroidi hatukiwezi.

Kwa hiyo ini huizima homoni bila kuivunja. Kotisoli huongezewa hidrojeni kwenye pete ya kwanza, umbo likabadilika, na hapo haishiki tena kwenye vipokezi vyake, yaani protini za seli zinazoipokea. Kisha hubandikwa asidi ya glukuroni ili iyeyuke vizuri katika maji na figo ziitoe. Ukiichunguza ndani ya mkojo utazikuta pete zote nne zipo. Hata kolesteroli, ini linapoigeuza kuwa asidi za nyongo, hukatwa mkia tu: kaboni 27 zinabaki 24.

Wanaozivunja ni bakteria, na namna wanavyofanya inanistaajabisha kila ninapoirudia. Penye oksijeni, kimeng'enya kimoja huondoa hidrojeni mbili kwenye pete ya kwanza, pakabaki bondi maradufu kati ya kaboni ya 1 na ya 2. Kingine hupachika oksijeni kwenye kaboni ya 9. Yote mawili yakishatimia, pete ya pili hufunguka yenyewe, bila kusukumwa na kimeng'enya chochote. Pete ya kwanza nayo hupasuliwa kwa oksijeni, na mabaki huliwa hatua kwa hatua hadi kuwa nishati. Bakteria aitwaye Comamonas testosteroni anaweza kuishi kwa testosteroni kama chakula chake. Wapo hata wasiohitaji oksijeni: Sterolibacterium denitrificans hutumia nitrati badala yake.

Sasa turudi kwenye kidonge chako. Prednisoloni ni kotisoli yenye hiyo bondi maradufu ya kaboni ya 1 na ya 2, basi. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Schering ya Marekani iliiweka kwa kuwatumia bakteria, Corynebacterium simplex. Yaani hatua ambayo bakteria huitumia kuanza kuibomoa steroidi ndiyo iliyokupa dawa yenye nguvu kuliko kotisoli, tena ambayo ini huchelewa kuizima.

Uwezo huohuo una upande wa kutisha. Bakteria wa kifua kikuu hujificha ndani ya seli zetu za kinga na kula kolesteroli yetu. Mwaka 2008 watafiti Pandey na Sassetti walionyesha kwamba bakteria hao wakinyimwa njia ya kuiingiza, hushindwa kudumu kwenye mapafu ya panya. Natamani sana dawa itakayoiziba njia hiyo ipatikane.

Kuna jingine linaloniumiza. Bakteria wa utumboni na wa maji taka hung'oa ile asidi ya glukuroni, na homoni iliyozimwa na ini ikaamka tena. Estrojeni (homoni za kike) nyingi za asili huliwa haraka, lakini ethinilestradioli ya vidonge vya uzazi wa mpango huwasumbua bakteria na hukawia kuoza. Nchini Kanada watafiti waliiweka katika ziwa moja la majaribio kuanzia 2001 hadi 2003, kiasi cha nanogramu 5 hivi kwa lita. Samaki dume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka ziwani humo.

Ndiyo maana nakuomba: vidonge vitakavyobaki usivitupe chooni, virudishe kwa mfamasia. Na usiviache ghafla kabla daktari hajakuambia namna ya kupunguza.

Niandikie ukipata nafasi.

Wako,
Zuhura