Jumamosi tunashona, watoto waje

Habari zenu wapendwa. Jumamosi tutashona mikoba kwa nguo za mitumba, na watoto wanakaribishwa sana. Mkichagua nguo, kagueni kwapani na kwenye kola kwanza; hapo ndipo kitambaa huchakaa mapema, hata kama mgongoni bado kizima. Shati la pamba lifueni na kulianika kabla ya kukata, maana pamba hurudi ikifuliwa, na mkoba utakunjamana kwenye mishono. Vifungo msitupe jamani! Vifumueni vyote, watoto watavipanga kwa rangi na ukubwa. Wanavyoipenda kazi hiyo, mimi hufurahi kuwatazama tu. Mwenye kuja na cherehani ya umeme aniambie leo, nimtengee meza karibu na soketi.